Uzi maalumu: Kula okonomiyaki mbele ya bamba la chuma, Osaka na Hiroshima

Mkaa Kaunta (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Kila mwenzetu anapojiandaa kwenda Japani, iwe kwa masomo, kwa mafunzo ya kazi au kwa shughuli za kununua magari, maswali ya chakula humu huishia kwenye sushi na rameni. Leo naomba tukizungumzie chakula kingine, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachomfaa zaidi mgeni anayetoka kwetu, kwa sababu hupikwa mbele ya macho yake, huliwa kikiwa cha moto na humshibisha hasa. Nazungumzia okonomiyaki, yaani chapati nene ya unga wa ngano, mayai na kabichi nyingi, inayoivishwa juu ya bamba pana la chuma ambalo Wajapani huliita teppan.

Hoja yangu ni hii: mgahawa wa okonomiyaki haupimwi kwa mapambo wala kwa urefu wa orodha yake ya vyakula, bali kwa bamba lake na kwa subira ya mpishi wake, na mteja anayetaka kupata thamani kamili ya fedha yake hana budi kukaa kaunta na kula juu ya bamba lenyewe. Anayeomba aletewe sahani mezani hupata chakula kile kile kwa jina, lakini kwa ladha hupata nusu yake.

Nianze na Osaka, kwa kuwa ndiko wageni wengi hukutana na chakula hiki kwa mara ya kwanza, hasa katika eneo la Dotonbori, ambako mgahawa wa Mizuno, uliofunguliwa mwaka 1945, hupangiwa foleni hadi leo. Namna ya Osaka ni ya kuchanganya. Unga wa ngano hukorogwa kwa dashi, ambayo ni supu nyepesi ya mwani na samaki mkavu, na mara nyingi huongezwa kiazi kikuu kilichokunwa, ambacho ute wake hulifanya rojo liwe laini na lijae hewa bila hamira. Kabichi hukatwakatwa vipande vidogo, huwekwa bakulini pamoja na yai, chembechembe za tempura (yaani vipande vidogo vya rojo la unga lililokaangwa) na tangawizi nyekundu ya siki, kisha vyote huchanganywa papo hapo, muda mfupi kabla ya kumwagwa bambani. Anayechanganya mapema huharibu, kwa sababu kabichi ikikaa hutoa maji na rojo hulegea. Anayechanganya kwa nguvu nyingi naye huharibu, kwa sababu hewa hutoka na unga hukaza.

Rojo likishamwagwa na kutengenezwa duara lenye unene wa sentimita mbili hivi, vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe ya tumboni hulazwa juu yake, na baada ya hapo mpishi mzuri haligusi tena kwa dakika kadhaa. Utazame ukingo wake wakati huo: unga unaong'aa kwa ubichi huanza kufifia, viputo vidogo hupasuka pembeni na kuacha vitundu visivyojifunga tena, na sauti iliyokuwa ya maji yanayochemka hugeuka kuwa ya mafuta yanayokaanga. Hapo ndipo hugeuzwa kwa miko miwili bapa ya chuma, kwa mkupuo mmoja, nyama ikawa chini na kuanza kujikaanga kwa mafuta yake yenyewe. Mpishi akilikandamiza kwa mwiko, kama mikono ya wengi wetu inavyotamani kufanya, mvuke unaoiivisha kabichi kwa ndani hutoka wote, na atakayekula atapata donge zito la unga. Nikiingia mgahawani na kumwona mpishi akikandamiza, huagiza tambi za kukaanga na kuondoka mapema.

Mwisho hupakwa sosi nzito nyeusi, mayonezi, unga wa mwani wa kijani, na mabanzi membamba ya samaki mkavu wa jamii ya jodari, ambayo hupeperuka kwa joto la chakula. Katika maeneo hayo ya Osaka na Kobe utawakuta wafanyakazi wa ofisini wakati wa mchana wakiagiza seti yenye okonomiyaki, bakuli la wali na supu ya miso, na kuila yote bila wasiwasi wa kuchanganya wanga na wanga.

Hiroshima ni habari nyingine kabisa, na nakiri kuwa ndiko moyo wangu uliko. Huko hakuna kinachochanganywa. Kila kitu hupangwa kwa tabaka. Mpishi humwaga upawa mmoja wa rojo jepesi na kulitandaza kwa mgongo wa upawa mpaka liwe duara jembamba la kupenyeza mwanga. Hunyunyiza unga wa samaki mkavu, kisha hulundika kabichi iliyochambuliwa nyembamba, lundo refu kiasi kwamba mgeni hudhani amekosea kipimo. Hufuata chembe za tempura, machipukizi ya choroko, vitunguu majani na vipande vya nyama, halafu rojo kidogo juu ili kushikiza, na lundo lote hupinduliwa. Sasa lile duara jembamba liko juu kama kifuniko, na kabichi iliyo chini yake huiva kwa mvuke wake yenyewe, ikishuka polepole hadi kubaki sehemu ndogo ya kimo chake cha awali. Pembeni, tambi hukaangwa hadi zianze kukauka kwa nje, na lundo huhamishiwa juu yake. Kisha yai hupasuliwa bambani, kiini hutobolewa kwa pembe ya mwiko na kutandazwa, na mzigo wote huwekwa juu ya yai hilo kabla halijakauka. Shughuli nzima huchukua robo saa au zaidi, na katika muda wote huo mteja ameketi nusu mita kutoka hapo.

Kwa nini Hiroshima walifika kwenye namna hiyo? Kabla ya vita, watoto wa magharibi mwa Japani walikuwa wakinunua kwa senti moja kijichapati chembamba chenye vitunguu majani na sosi, kilichoitwa issen yoshoku. Tarehe 6 Agosti 1945 mji uliangamizwa kwa bomu la atomiki, na katika miaka ya njaa iliyofuata mchele ulikuwa adimu huku unga wa ngano ukiingia kutoka Marekani. Kitafunwa cha watoto kikageuzwa kuwa mlo wa watu wazima: kabichi, iliyokuwa rahisi na yenye kujaza tumbo, ikaongezwa kwa wingi, na hali ilipotengemaa kidogo vikafuata yai, nyama na tambi. Wanawake wengi waliopoteza waume zao walianzisha biashara hii katika vyumba vya mbele vya nyumba zao, wakiwa na bamba moja na viti vichache. Wengine waliuza kwenye vibanda vya barabarani katika eneo la Shintenchi, na kutokana na vibanda hivyo kikazaliwa kile kinachoitwa Okonomi-mura, jengo ambalo leo lina vijimgahawa zaidi ya 20 vilivyopangwa ghorofa juu ya ghorofa, kila kimoja na bamba lake refu na viti vinavyolizunguka.

Ndiyo maana kaunta katika mgahawa wa Hiroshima si mtindo wa kisasa wa kumwonyesha mteja jiko. Pale palikuwa na bamba tu, bila meza wala nafasi ya meza, na watu walikula pale pale chakula kilipoivia. Sosi nayo ilifuata hali hiyo. Mwanzoni ilitumika sosi nyepesi ya Worcester, ambayo ilitiririka na kuunguzwa na chuma kabla mlaji hajaionja. Kampuni ya Otafuku ya mjini humo, iliyoanza mwaka 1922, ikatoa mwaka 1952 sosi nzito inayotulia juu ya chakula. Utamu wake hutokana na matunda na mboga, zikiwemo tende zinazoagizwa kutoka Mashariki ya Kati, jambo ambalo huwafurahisha sana ndugu zetu wa Pwani na wa Omani ninapowaeleza.

Kuhusu namna ya kula, mpishi akimaliza atakusogezea chakula juu ya bamba hilo hilo, na utapewa mwiko mdogo bapa wa chuma ambao Hiroshima huuita hera. Ushike wima, ukandamize makali yake hadi yaguse chuma, ukate kipande cha ukubwa wa tonge, uuteleze mwiko chini yake, upulize, na ule moja kwa moja kutoka kwenye mwiko. Usiuache mwiko umelala bambani, kwani utaunguza midomo. Ukila hivyo utagundua kwamba tonge la mwisho si sawa na la kwanza: wakati ukiendelea kula, bamba linaendelea kufanya kazi, tambi za chini zinashika ukoko, na sosi iliyodondoka pembeni inakauka na kuwa na ladha ya sukari iliyoungua kidogo. Jambo hilo haliwezekani juu ya sahani ya kauri.

Mengine ni madogo. Vaa nguo usiyoionea uchungu kwa sababu ya moshi, weka mkoba ndani ya kikapu kilicho chini ya kiti, wala usiache bakshishi, kwani si desturi ya huko. Bei katika migahawa ya kawaida huwa kati ya yeni 1,000 na 1,500 kwa mtu.

Naomba kuwasilisha, na michango yenu inakaribishwa.

Bandari ya Salama

Ndugu mleta uzi, shukrani kwa maelezo ya kina. Naomba niongezee upande ambao kwa sisi Waislamu ni wa lazima, kwa kuwa naishi huku na huulizwa sana na wageni.

Okonomiyaki ya kawaida ina nyama ya nguruwe hata pale ambapo jina lake kwenye orodha linataja ngisi au kamba peke yake, hasa Hiroshima. Unaweza kusema "butaniku nuki de onegai shimasu", yaani unaomba isiwekwe nyama ya nguruwe, na kwa kawaida utasikilizwa kwa heshima. Hata hivyo tatizo halijaisha, kwa sababu bamba ni moja kwa wateja wote, na wapishi wengine hulipaka mafuta ya nguruwe kabla ya kuanza. Mimi binafsi huenda tu kwenye migahawa inayojitangaza kuwa ni ya halali, au ile ya vyakula vya baharini na mboga ambayo haiingizi nguruwe kabisa. Otafuku wenyewe hutengeneza sosi yenye cheti cha halali, kwa hiyo anayetaka kupika nyumbani hana kikwazo upande huo.

Kwa wenye mzio, neno moja zaidi. Hiroshima ukiulizwa "soba au udon", udon ni tambi nene za ngano, na soba hiyo nayo ni tambi za ngano, si zile za mbegu za mmea ambao kwa Kiingereza huitwa buckwheat. Anayedhurika na ngano hana nafuu yoyote hapo, kwa kuwa rojo nalo ni ngano, na sosi nyingi zina ngano pia.

Mtoto wa Makorora

Nakubaliana na mengi, lakini naona Osaka haikutendewa haki katika uzi huu. Mleta uzi ametaja aina moja tu, ilhali huko kuna negiyaki, ambayo huachana na kabichi na kujazwa vitunguu majani vingi, ikapakwa mchuzi wa soya na kukamuliwa limau badala ya sosi nzito. Kwa mtu asiyependa utamu, hiyo ni bora kuliko zote. Kuna pia modanyaki, yenye tambi ndani yake, kwa hiyo si sahihi kuwaachia Hiroshima peke yao heshima ya tambi.

Jambo la pili, suala la kukaa kaunta lisifanywe sheria. Nilikwenda na wazazi wangu waliokuja kunitembelea, na mama yangu hawezi kukaa karibu na joto kwa muda mrefu. Tulikaa kwenye meza yenye bamba lake katikati, mhudumu akapika, tukapunguza moto, na kila mmoja akapakua kwenye kisahani chake kidogo kadiri alivyokula. Mama alifurahi, tukazungumza, na chakula hakikupoa.

Mkaa Kaunta (mleta uzi)

Ndugu yangu wa Makorora, umenisahihisha vizuri kuhusu negiyaki, nami nakiri kwamba limau juu ya chuma cha moto ina harufu isiyosahaulika. Kuhusu meza, tunakubaliana kuliko unavyodhani: meza uliyoieleza ina bamba ndani yake, na mama yetu alipakua kidogo kidogo kutoka hapo. Ninachokipinga ni sahani inayotoka jikoni ikiwa imeshafunikwa sosi, ikiwekwa mbele ya mtu aliye mbali na moto.

Nitumie nafasi hii kueleza jambo moja kuhusu meza hizo. Mhudumu akileta bakuli la mchanganyiko mbichi na kuliacha mezani, kazi ni yako. Akianza kumwaga mwenyewe, mwachie hadi akuambie kwamba kimeiva, hata kama ukingo umeanza kukuvutia; wapo wanaoudhika waziwazi mteja anapogusa kabla ya wakati, nami nawaelewa.

Upepo wa Kaskazi

Wakuu, naomba ufafanuzi. Dubai nilipelekwa kwenye mgahawa wa Kijapani wenye bamba la chuma, mpishi akawa anarusha kamba hewani, anawasha moto juu ya vitunguu na kugonganisha visu. Je, huo ndio mtindo mnaouzungumzia? Maana sikuona kabichi wala unga.

Mkaa Kaunta (mleta uzi)

Hapana, ingawa bamba ni la ukoo mmoja. Ulichokiona huitwa teppanyaki, yaani nyama na vyakula vya baharini vinavyochomwa juu ya bamba mbele ya wageni. Mgahawa wa Misono wa mjini Kobe, ulioanza mwaka 1945, hutajwa kuwa ndio uliokianzisha. Husimuliwa kwamba bamba lao lilikuwa la okonomiyaki kwanza, na kwamba wateja wa kigeni, wakiwemo askari wa Marekani, walipendelea nyama. Sarakasi za visu na moto zilipata umaarufu Marekani, hasa baada ya Mjapani Hiroaki Aoki kufungua mgahawa wa Benihana mjini New York mwaka 1964, na mtindo huo ndio uliosambaa kwenye hoteli kubwa za dunia. Ndani ya Japani teppanyaki ni mlo wa gharama, wa utulivu, na mpishi hazungumzi sana. Okonomiyaki ni chakula cha mtu wa kawaida aliyetoka kazini.

Bandari ya Salama

Kwa anayepita Tokyo, asikose monjayaki katika kisiwa cha Tsukishima, ambako kuna mtaa mzima wa migahawa hiyo. Rojo lake ni jepesi mno, karibu na maji. Kwanza hukaangwa kabichi na vikolezo vyake, vikikatwakatwa kwa miko miwili juu ya bamba, kisha hupangwa duara lenye shimo katikati, na maji ya unga humwagwa ndani ya shimo hilo ili yasitoroke. Yakishaanza kunata huvunjwa ukuta na kuchanganywa vyote. Haligandi kamwe, huliwa kwa kukwangua ukoko kwa kimwiko kidogo cha chuma, kila mtu akianzia upande wake. Anayekula kwa mara ya kwanza huona sura yake haivutii, lakini ukoko ule wenye jibini au mayai ya samaki una watu wanaousafiria kutoka mbali.

Shamba la Karafuu

Nami naunga mkono hoja ya mleta uzi kwa yaliyonikuta katika mji mmoja wa Ulaya ninakoishi. Mgahawa mmoja, ambao sitautaja, ulinitoza bei kubwa kwa okonomiyaki iliyoletwa kwenye sahani ikiwa vuguvugu, kabichi mbichi katikati, na mabanzi ya samaki yamelala kama yalivyowekwa. Nilisikitika, kwa sababu nilikuwa nimemwalika rafiki ili aonje.

Swali langu ni la nyumbani. Nikirudi Pemba nina kabichi, mayai, unga na chuma kizito cha chapati. Kiazi kikuu tunacho tele. Kinachonisumbua ni dashi, maana mwani ule wa kombu na samaki wale wakavu sitawapata. Nifanyeje?

Mtoto wa Makorora

Hilo lina jibu zuri. Wajapani wenyewe, hasa wa magharibi, hutengeneza dashi ya niboshi, yaani ya visamaki vidogo vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo kwetu ni dagaa. Chukua dagaa wakavu wa baharini, au wa Kigoma, ambao nao ni wa jamii ya sadini, uwe na hakika hawana mchanga wala harufu ya mafuta yaliyochacha. Ondoa vichwa na matumbo, kwani huko ndiko uchungu ulipo. Loweka katika maji baridi usiku kucha, asubuhi bandika kwenye moto mdogo, na mara maji yanapotaka kuchemka engua povu, epua baada ya dakika chache, na uchuje. Iache ipoe kabisa kabla ya kukorogea unga, la sivyo utapata madonge.

Kiazi kikuu ukikune kwa mbuzi mdogo au grata yenye meno madogo kabisa, vijiko vichache tu vinatosha kwa bakuli moja. Kiasi cha kabichi kiwe kikubwa kuliko unavyodhani ni sahihi, chuma kipashwe moto sawasawa kabla ya kumwaga, na ukishamwaga usikandamize.

Shamba la Karafuu

Nimeelewa, ahsante sana kaka. Dagaa nitawachambua mwenyewe, na okonomiyaki itaenda mezani pamoja na chuma chake, juu ya kigae.